Kijiji Nilichokiandika Kabla ya Chakula cha Mchana

Mliniomba niwaachie maelezo ya mitambo kabla sijapanda basi la kurudi Meru. Maelezo yenyewe yako kwenye folda yake, yamepangwa vizuri, na najua hakuna atakayeyafungua mpaka siku seva itakapozimika. Haya mengine nayaandika kwa sababu nadhani yatawafaa zaidi. Vyeo nilivyopewa sitavitaja. Vilikuwa majina marefu ya kazi ileile. Nitawaambia nilivyoingia, nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoanzisha kijiji kizima kwa sababu ya njaa.

Nilifika Garissa nikiwa mwendesha redio. Shirika letu lilikuwa likifanya kazi hiihii mnayoifanya leo, kujaza maboza ya maji na kuyatuma kwenye makazi ambayo visima vyake vimekauka, kuanzia upande wa Dadaab hadi kule juu Tarbaj. Kila asubuhi niliita vituo kimoja kimoja, nikauliza nani amepata maji na nani hajapata, nikaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza betri ilikufa nikiwa kwenye kituo cha tatu. Redio nilikuwa naijua vizuri. Nilichokuwa sijui ni kwamba huku mtu hakuambii habari ya maji kabla hajakuuliza watu wako, afya yao, mifugo, mvua, barabara, na watu wako tena. Nikamwendea msimamizi wa maboza, Hussein, ambaye sote tulimwita Adeer, kama Wasomali wanavyomwita baba mdogo na mzee yeyote wa heshima, nikamwambia nitaweka sheria ya salamu moja kwa kila kituo.

"Salamu usikate," akasema. "Tafuta betri ya bili."

Bili kwake ni pili, maana p ya wengi huku hutoka b. Nikatafuta. Tangu siku hiyo hakuna mtambo niliouendesha bila betri ya pili ya namna fulani, na hakuna mtu niliyemkatia salamu. Adeer Hussein alikuwa dalali wa mifugo kwenye soko la Griftu kabla ya kuja kwetu, na maisha yake yote hakuwahi kugusa kompyuta. Hata hivyo alinifundisha kazi hii kuliko kozi zote nilizopelekwa Nairobi kulala hotelini.

Seva ilipokuja ilijengewa chumba chake na kuwekewa kiyoyozi. Ndani ya wiki moja, chumba hicho kikawa mahali penye baridi kuliko pote Garissa, na watu wakaanza kuja kuikagua seva. Walikuja maafisa, walikuja wafanyabiashara, alikuja mwalimu mmoja na madaftari ya kusahihisha. Nikafunga kipimajoto cha kunitumia ujumbe chumba kikipata moto. Baada ya muda nilijua kusoma ule ujumbe bila kuinuka. Nyuzi moja ilikuwa watu watatu. Nyuzi mbili ilikuwa kikao. Siku moja joto lilipanda nyuzi tano kwa mpigo, nikakimbia na mtungi wa kuzimia moto. Nilikuta familia mbili zinajadili mahari, zimekuja na chai yao na mikeka. Nilipowaomba watoke waliniambia kwa adabu kwamba wamebakiza ngamia wawili tu kukubaliana. Nikawapa dakika kumi, seva ikavumilia, na wale vijana walioana.

Wakati huo programu ziliandikwa Nairobi, zikatumwa kwetu kwa basi ndani ya flashi. Tukiziweka na zikigoma, tulipiga simu, na jibu lilikuwa lilelile kila mara, kwamba kwao inafanya kazi. Nilikuwa nawaambia basi watume na hiyo kompyuta yao. Ndipo ukaja huu utaratibu mnaouita DevOps, ambao niliposikia jina lake mara ya kwanza nilidhani ni kitengo cha polisi. Maana yake ilikuwa rahisi. Anayeandika programu na anayeiendesha ni timu moja, mabadiliko huwa madogo, kila toleo huhifadhiwa ili uweze kurudi kwenye la jana, na mashine yenyewe huijaribu kazi kabla haijawafikia watu. Nairobi wakaamua kuleta waandishi wa programu waje kukaa Garissa na walichokiandika. Wa kwanza alikaa siku nne. Wa pili alirudi na basi lilelile lililomleta.

Wa tatu alikuwa Fardosa, na alikaa kwa kuwa alikuwa amerudi kwao. Alizaliwa Garissa, akasomea Nairobi, akaja na lugha ya Nairobi na laptopu iliyojaa vibandiko. Ndiye aliyejenga ile laini ya majaribio, akatundika ile skrini kubwa inayotazama uwanja wa maboza. Majaribio yote yakipita, skrini huwa ya kijani. Moja likianguka, huwa nyekundu. Siku ya kutoa toleo jipya ilikuwa Alhamisi.

Kizuizi kikubwa kilikuwa kukaguana. Sheria ilisema kazi yako haipiti mpaka mwenzako aisome na kuandika makosa yake. Sasa ofisini kwetu hakuna aliyekuwa tayari kuandika ubaya wa kazi ya mwenzake mahali pa kusomwa na wote. Kila kazi iliandikiwa "kazi nzuri, Mungu akuzidishie", na kila wiki mtambo ulianguka ukiwa na baraka tele. Adeer Hussein alisikia malalamiko yangu, akaomba shali. Pale Griftu, alisema, mnunuzi na dalali hawapigiani kelele za bei. Hushikana mikono chini ya kitambaa na kubanana vidole, na umati hauambulii kitu. Basi na sisi tukafanya hivyo. Mkaguzi alimbana mwandishi vidole kwa idadi ya makosa, na mwandishi akaenda kuyatafuta kimyakimya. Kwa mwezi mzima tulifanya kazi vizuri ajabu. Kisha nikagundua wameanza kupatana. Mkaguzi anabana saba, mwandishi anajibu tatu, wanamalizana kwenye tano, na makosa mawili yanaingia kwenye mtambo kwa maelewano ya pande zote. Nikachukua shali. Tangu hapo makosa huandikwa, ila jina la mkaguzi hufichwa.

Sasa kijiji.

Ile laini ya majaribio ilihitaji mahali pa kuchezea. Kila Alhamisi mashine isajili makazi ya bandia, iyaagizie maji, ichague boza, ipokee jibu la dereva, kisha ifute kila kitu. Fardosa aliniomba niyaandike hayo makazi. Ilikuwa karibu saa saba mchana, na harufu ya wali na nyama ya mbuzi ilikuwa inaingia dirishani kutoka hoteli ya ng'ambo. Nikafungua fomu. Jina: Bula Jaribio, maana huku makazi mengi huanza na Bula. Mwenyekiti: Mtu Mmoja. Kaya: hamsini. Mahali: nikabonyeza kidole kwenye ramani, mashariki ya Tarbaj, pale palipokuwa peupe kabisa, hapana barabara wala jina. Nikaenda kula.

Kitabu chochote cha kazi yetu kitawaambia kwamba majaribio hukaa kwenye seva yake, mbali na mambo ya watu halisi. Sisi tulikuwa na seva moja. Makazi ya kweli na ya bandia yaliishi nyumba moja, yakitenganishwa na alama ya tiki kwenye kisanduku kidogo. Niliomba seva ya pili mwaka baada ya mwaka, kwa barua zenye majedwali. Halafu Alhamisi moja, katika toleo lenye mabadiliko mengi kuliko tulivyopaswa kuyaruhusu, ile tiki ikapotea.

Ujumbe wa jaribio ukatoka kama wa kweli, ukamfikia Bishar, dereva wetu wa kituo cha Tarbaj, mtu mtiifu kuliko madereva wote niliowahi kuwajua. Mwenyewe alinisimulia baadaye.

"Simu iliniambia beleka maji Bula Jaribio. Mimi nikabeleka. Nikafika, watu hakuna, miti hakuna, hata bunda hakuna. Nikasema, labda wamehama."

Kurudi na maji hakukuruhusiwa. Simu nayo haikumpa safari nyingine mpaka abonyeze kwamba maji yamefika. Palikuwa na silanga ndogo iliyokauka, bwawa la mvua ambalo halikuwa limeona mvua. Akamimina humo lita elfu kumi, akabonyeza "yamefika", akaenda zake. Garissa skrini ikawa kijani tupu. Lile jaribio la jibu la dereva, lililokuwa limetusumbua majuma kadhaa, lilipita mara ya kwanza bila shida. Tulipongezana, nikanunua soda. Alhamisi iliyofuata likapita tena, na iliyofuata tena. Baada ya miezi kadhaa Nairobi walituandikia barua ya kusifu kituo namba kumi na nne cha upande wa Tarbaj, kwa kuwa maji yake hufika kila wiki na hakijawahi kulalamika. Barua niliitundika ukutani. Namba sikuiangalia ni ya wapi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyeingia ofisini Jumamosi, amesafiri siku mbili juu ya lori la mifugo. Tulisalimiana inavyopasa, watu, mifugo na mvua, kisha akaketi.

"Mimi naitwa Gedi," akasema. "Lakini kwa maji, mimi ni Mtu Mmoja."

"Mtu Mmoja wa wapi?"

"Mwenyekiti wa Bula Jaribio."

Nilicheka. Nilidhani Fardosa amemtuma kunitania, nikamgeukia, nikamkuta ameziba mdomo kwa mkono na macho yamemtoka. Mzee Gedi akatoa mfukoni karatasi za kupokelea maji, bunda zima, kila moja imetiwa sahihi kwa mwandiko mzuri: Mtu Mmoja. Alieleza taratibu. Wakati wa ukame wafugaji waliona silanga inayojaa kila Alhamisi bila mvua. Familia tano zikapiga kambi, kisha ishirini. Bishar akawaambia karatasi yake inataka sahihi ya mwenyekiti aitwaye Mtu Mmoja, basi wakakaa kikao na kumchagua Gedi awe Mtu Mmoja. Karatasi ikasema kaya hamsini. Wakaita ndugu mpaka zikatimia.

"Wa hamsini na moja tulimwambia ngoja, karatasi imejaa," akasema. "Sisi tunafuata sheria. Sasa Alhamisi imebita, gari hakuna kuja. Sisi imekosa nini?"

Walikuwa hawajakosa kitu. Alhamisi ile skrini ilikuwa nyekundu kwa sababu Fardosa alisahau alama moja kwenye mstari mmoja wa programu. Jaribio likaanguka, na kwa kuwa jaribio lilianguka, kaya hamsini hazikupata maji. Nimefanya makosa mengi kazini, lakini aibu niliyoiona mbele ya yule mzee sikuwahi kuiona kabla wala baada. Fardosa aliingia chumba cha seva, akakaa humo muda mrefu, akatoka na macho mekundu. Adeer Hussein alikuwa amekwisha kumpigia Bishar, na boza likaondoka adhuhuri hiyohiyo.

Mtasema, si ungekiandikisha tu kama kijiji cha kweli? Nilijaribu. Fomu ya makazi halisi ilitaka barua kwamba mahali hapo panatambuliwa. Ofisi ya kutoa barua iliniambia kwa Kiswahili kizuri kwamba inatambua makazi yaliyo kwenye orodha ya kupokea maji. Orodha ya kupokea maji ilikuwa yetu, na kwenye orodha yetu Bula Jaribio kilikuwa kitu cha kuchezea. Nilizunguka hapo kiangazi kizima. Wakati huo wote sikuthubutu kulizima jaribio, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiwanywesha watu.

Hivyo kijiji kikaishi kwa ratiba ya mashine. Namba ya simu ya Mzee Gedi iliingizwa kwenye fomu, na kila Alhamisi saa nne asubuhi alipata ujumbe: Bula Jaribio imesajiliwa, karibu. Saa kumi alasiri alipata mwingine: Bula Jaribio imefutwa, asante. Nilipompigia kuomba radhi alinituliza kwa jina ninaloitwa hapa. "Tumezoea, Mama Mitambo. Tunafutwa saa kumi, tunarudi Alhamisi." Ile mashine pia ilikuwa na jaribio la kuona kama mtambo utakataa takwimu za kipuuzi, na siku moja takwimu hizo zilimfikia kwenye simu: kaya, hasi tano. Wazee walikaa siku tatu kujadili ni familia zipi tano zipunguzwe. Nilipopata habari, mbili zilikuwa zimeshafunga mizigo juu ya ngamia. Kisha tulijaribu mtambo kwa mzigo mkubwa, kaya elfu moja ndani ya dakika moja, na Mzee Gedi akachinja mbuzi wawili kuwapokea wageni. Mkijiuliza kwa nini hadi leo hatufanyi majaribio hayo mawili, sababu ni hiyo.

Rangi alizijua upesi. Kila Alhamisi simu ya kwanza ilikuwa yake. "Mama, iko kijani?" Nyuma yake nilisikia watu wakinyamaza kungoja jibu. Tulipewa mafunzo mengi juu ya ubora wa programu, na hakuna lililowafanya vijana wakague mistari yao kama ile simu.

Ndipo seva ya pili ikaja.

Nairobi hatimaye walikubali. Ilifika na maagizo ya ukurasa mmoja: Jumatatu saa mbili asubuhi makazi halisi yatahamishiwa seva mpya, na kila kitu cha majaribio kitafutwa kisirudi tena. Ulikuwa mwezi wa tatu wa kiangazi. Kisima cha karibu na Bula Jaribio kilikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Jina likitoka kwenye mtambo, simu ya Bishar ingenyamaza na boza lisingeondoka. Na aliyeomba seva hiyo kwa miaka yote ni mimi, kwa sahihi yangu.

Tatizo la Nairobi lilikuwa kwamba tiki nyingi zilikuwa zimepotea kwa miaka, na hakuna aliyejua tena kwa uhakika kipi ni cha kweli na kipi cha bandia. Majina hayakusaidia, maana tuna makazi ya kweli yaliyopewa jina la lori lililoharibikia hapo. Fardosa alilinganisha rekodi siku mbili, kisha akaniita.

"Mama Mitambo, cheki hii. Kila mahali pa ukweli pamewahi kulalamika. Gari limechelewa, maji ni chumvi, dereva ana kiburi. Hizi za majaribio, zii. Hata moja haijawahi."

Nairobi walilipenda wazo hilo kuliko tulivyotarajia, wakalifanya sheria. Mahali ambapo hapajawahi kuleta lalamiko hata moja kufikia Jumatatu saa mbili si mahali, na patafutwa. Lalamiko litolewe na mkazi, liandikwe palepale na mfanyakazi. Jumamosi nilikuwa Tarbaj, nimekaa kando ya Bishar kwenye boza, na laptopu mapajani, naenda kuomba watu wanilalamikie.

Sikuwa nimewahi kukiona kijiji hicho. Vibanda hamsini vya fito na mikeka vilizunguka silanga, na nyua za miiba, na mbuzi, na wanawake wamejipanga na madumu ya njano. Nilishuka. Nilibonyeza kidole pale kwa sababu hapakuwa na kitu. Walinikalisha kwenye mkeka, wakanipa maziwa ya ngamia, nami nikaeleza shida yangu.

"Kulalamika?" Mzee Gedi alishtuka. "Wallahi hatuna. Maji ni ya Mungu, amebitisha kwa mkono yenu. Nikilalamika, mimi nitakuwa mtu gani?"

"Gari huchelewa, mzee."

"Barabara ni mbaya."

"Wiki ile hamkupata kabisa."

"Tumesamehe."

"Mnafutwa kila Alhamisi!"

"Na tunarudi, alhamdulillahi."

Nilienda kibanda kwa kibanda. Kila kimoja kilinipa maziwa na shukrani. Kufikia Jumapili adhuhuri nilikuwa nimejaa maziwa na sina lalamiko hata moja. Mzee mmoja alinionea huruma, akajitolea kumlalamikia shemeji yake, lakini fomu yetu haina sehemu ya mashemeji. Nikawaambia ukweli wote, kwamba safari hii wakifutwa hawatarudi. Wanaume walikaa, wakazungumza kwa Kisomali kwa muda mrefu, na Mzee Gedi akaja kuniambia, kwa huzuni, kwamba ni afadhali wahame kuliko kuitukana neema ya Mungu. Hakuwa anatania. Nyuma yake wanawake wawili walishaanza kufungua mikeka ya kibanda chao.

Ningeweza kuandika lalamiko la uongo mwenyewe. Vidole vilikuwa tayari. Lakini uongo wangu wa kwanza juu ya mahali pale ndio uliokuwa umesimama mbele yangu na madumu mikononi, na nilikuwa nimechoka nao.

Palikuwa na mama mmoja, Dahabo, aliyekuwa amenisikiliza tangu Jumamosi huku amembeba mtoto. Alimaliza kidato cha nne kabla ya kuolewa. Alikuja akaketi mbele yangu.

"Mama, ni wewe aliandika sisi?"

"Ni mimi."

"Uliandika jina. Uliandika mwenyekiti. Uliandika kaya hamsini. Yote ilikuja kweli."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini hukuandika shule?"

Nilifungua ile fomu. Sehemu ya shule ilikuwepo, chini tu ya idadi ya kaya, na mbele yake palikuwa patupu. Nikamwambia kwamba harufu ya wali ilikuwa inaingia dirishani na nilitaka kwenda kula.

Hakucheka. "Andika hiyo," akasema. "Hiyo ndio lalamiko yangu."

Mzee Gedi aliinua mkono kumzuia. Dahabo alimjibu bila kugeuka. "Hii si ya Mungu, Adeer. Hii ni ya huyu mama."

Mzee Gedi akaushusha mkono. Nikaandika: kijiji hakina shule. Fomu ikauliza idadi ya walioathirika, tukainuka kuwahesabu watoto, nao hawakutulia. Mara wakawa thelathini na mmoja, mara thelathini na wanne. Niliandika thelathini na wanne. Kisha ikaja sehemu ya chanzo cha kosa. Miaka yote nimewafundisha kutotaja mtu kwenye sehemu hiyo, kwa sababu mtu hukosea tu, na kazi yetu ni kutafuta mahali ambapo mtambo ulimwachia akosee. Niliandika jina langu kamili. Mtandao ulipatikana juu ya boza, kwa hiyo Bishar alinishika miguu nikapanda, nikalituma.

Jumatatu saa mbili yale mengine yote yalifutwa. Nilikuwa bado kituoni Tarbaj alasiri ile simu ilipolia.

"Mama Mitambo," Mzee Gedi akasema, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Saa mbili imebita, sasa hata saa kumi imebita. Hatujafutwa. Mtambo iko na shida?"

Nilimwambia mtambo uko sawa. Kisha nililia, mbele ya mafundi wa gereji, na sikujificha.

Lalamiko la Dahabo ndilo la kwanza kwenye faili ya Bula Jaribio. Mara tatu mtambo umelifunga wenyewe kwa sababu limekaa muda mrefu, na mara tatu nimelifungua. Wameletewa ubao, na wageni wa kuupiga picha, shule bado. Nimestaafu likiwa wazi, na sasa litawatokea ninyi kila mkifungua skrini asubuhi. Dahabo ameanza kufundisha. Kivuli kikubwa pale ni cha boza, kwa hiyo watoto hukaa ubavuni mwake kila Alhamisi, na darasa hudumu muda uleule maji yanapomiminika. Mtaona kwenye vipimo kwamba siku hizi boza la Bula Jaribio huchukua saa tatu kumaliza kazi ya nusu saa. Si pampu. Ni Bishar, anafungua bomba kidogo. Hilo msilitengeneze.